Somo la Mwisho Kijitoni Lumuma

Imelda alikuwa amechoka kabla siku haijaanza. Aliamka gizani nyumbani kwao Magomeni, mjini Kilosa, akamgeuza mama yake kitandani, akamwosha, akambadilishia shuka, akapika uji na kuumimina kwenye chupa ya chai, kisha akampelekea jirani funguo. Lucas, dereva wa nyumba ya wageni, alipopiga honi nje, Imelda hakuwa amekunywa hata maji. Na sasa alikuwa amesimama kwenye majani yenye umande huko juu Lumuma, viatu vya mpira miguuni, fimbo ndefu nyepesi mkononi, akimsikiliza mwanaume anayempenda akieleza namna ya kumdanganya samaki.

"Leo hakuna mazoezi ya nchi kavu," Budeba alisema. "Kila mtu anaingia majini. Atakayepata atapata. Mimi sishiki fimbo ya mtu."

Alisema hivyo kwa wote watatu lakini hakumtazama Imelda. Imelda naye akatazama mashamba ya vitunguu ng'ambo ya kijito kana kwamba amekuja kununua.

Mambo yote haya yalianzishwa na Mama Hildegarda, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi. Aliona wageni wakimaliza kutazama tembo siku moja, wanafunga mabegi. Akasikia kwamba kwenye kijito cha baridi juu ya Lumuma kuna samaki anayeitwa trauti, na kwamba wapo watu duniani wanaosafiri mbali kumvua kwa nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya, kisha wanamwachia aende zake. Mama Hildegarda hakuelewa sababu, ila alielewa kwamba mtu wa namna hiyo atalala usiku wa pili. Akachagua wafanyakazi wake watatu wafundishwe kuongoza wageni: Imelda wa jikoni, Mwamvua wa vyumba, na Goodhope anayehudumia mezani. Akamtafuta na mwalimu, Budeba, Msukuma aliyeletwa Kilosa akiwa mdogo na wazazi waliohama na ng'ombe zao, akajifunza kazi hii kwenye mabwawa ya mashamba ya chai Mufindi.

Masomo ya kwanza yalifanyika nyuma ya nyumba ya wageni, kando ya barabara kuu, kwa kipande cha uzi wa sufu mahali pa ndoano. Madereva wa malori waliokuwa wakinywa chai waliwauliza kama wanaswaga ng'ombe wasioonekana. Goodhope akawajibu kwamba mwalimu ni Msukuma, ng'ombe zake hata zisipoonekana zipo. Budeba alicheka kuliko wote.

Kosa la Imelda tangu siku ile lilikuwa kiwiko. Kilimtoka mbavuni kila aliporusha, na uzi ukamrudia kichwani. Mwalimu mwingine angesimama nyuma yake na kumshika mkono, na angekuwa na kisingizio kizuri tu. Budeba alisimama mbali. Alimwomba akunje kitenge chake, akibane kati ya kiwiko na mbavu, arushe bila kukiangusha. Kilipoanguka alimsubiri akiokote mwenyewe. Imelda amefanya kazi kwenye nyumba za wageni tangu usichana wake na anajua mikono ya wanaume inavyopotea njia. Aliokota kitenge kile mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na jioni ile alipokuwa akimenya viazi aligundua kwamba anatabasamu peke yake kama chizi.

Wiki iliyopita, baada ya somo, Budeba alimweleza bila kuzunguka. Alikuwa mgane, hakuwa na muda wa kuchezea watu. Alikuwa amepata kazi ya kudumu Mufindi. Gari la mwajiri lingepita Mikumi leo jioni likiwa na vifaa, na lisipomkuta nafasi ingekwenda kwa mwingine. Alitaka Imelda awe mke wake na waende wote. Alitaka jibu leo.

Imelda alikuwa amempelekea mama yake habari hiyo kama mtu anayepeleka sahani ya moto, kwa ncha za vidole. Bibi Marciana alikuwa amelala ubavu, mguu wake mmoja ukiwa umekufa tangu alipopooza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema Wasukuma ni watu wa kuhama, leo yuko hapa, kesho amefuata majani. Akageuza uso ukutani. Imelda hakubishana. Alijua kwamba mama yake hakuwa akizungumzia Wasukuma. Alikuwa akizungumzia kitanda, na nani atakuwa pembeni yake.

Timotheo, kaka yake, yeye alibishana hata bila kujibiwa. Alikuwa amempigia asubuhi hii hii ndani ya gari, akakumbusha ng'ombe wa Wasukuma walioingia kwenye mahindi ya marehemu baba, akasema ukoo hauwezi kukubali. Imelda alimuuliza kama ukoo unaweza kuja Jumatatu kumwosha mama. Simu ikawa na mtandao mbaya ghafla.

Waliingia majini. Baridi ilipenya viatu vya mpira kama havipo. Budeba aliwapanga: mmoja arushe, mwenzake asimame ukingoni atazame maji na kumwambia samaki alipo. Goodhope alipelekwa chini kwenye kidimbwi kipana asije akamng'oa mtu jicho. Imelda alibaki na Mwamvua.

Mwamvua aliolewa mara mbili na kuachika mara mbili, na hakuwa mtu wa kuficha maoni. Alikaa juu ya jiwe, akajifunga kanga vizuri, akamwambia kwamba trauti yuko pale penye kivuli cha jiwe refu, na kwamba mwalimu anatembea kama mtu aliyefiwa.

"Tazama samaki, shoga," Imelda akamwambia.

"Ndiye ninayemtazama. Amevaa kofia."

Imelda alirusha. Nzi wa manyoya alitua vizuri, akaelea, maji yakafumuka, na kitu kikamshika. Papo hapo mikono yake ikafanya ilichozoea. Alikulia kando ya mto Mkondoa akivua kambale na kaka zake, na kambale ukimsikia unamvuta kwa nguvu zote umtupe nchi kavu, kwa sababu ukimpa nafasi ataingia kwenye mizizi na hutamwona tena. Alivuta. Uzi mwembamba kama unywele ukakatika, samaki akaenda na nzi wake.

Akafunga mwingine. Akavuta tena. Ukakatika tena.

"Wote mna ugonjwa huo," Budeba alisema kutoka ukingoni, mikono yake ikiwa mgongoni. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya kuchoka. Akaeleza kwa mara nyingine: huyu si kambale, hapa chini hakuna mizizi, akikimbia mwache akimbie, inua tu ncha ya fimbo, akitulia ndipo umkaribishe. Mwamvua akasema hata waume zake walikuwa wa kukimbia, na alipowaacha wakimbie hakuna aliyetulia. Budeba akakohoa.

Jua lilishapanda juu ya kilima pale Imelda alipompata wa tatu. Labda alikuwa amechoka mno hata kuvuta. Mikono ilikuwa mizito, mabega yanawaka, usingizi wa siku nyingi umekaa nyuma ya macho. Samaki akakimbia, naye akasimama tu ameinua fimbo. Akakimbia tena. Imelda akangoja. Hatimaye akaja, mgongo wa kijani, ubavu una madoa kama aliyenyunyiziwa rangi, mdogo kuliko alivyopigana. Akalowesha mikono kama alivyofundishwa, akamshika chini ya tumbo, akamtoa ndoano. Samaki akapumua kati ya viganja vyake, kisha akajikung'uta na kuondoka.

Goodhope aliyekuja mbio kutazama alisikitika kwa dhati. Alisema dada amevua samaki wa kupiga picha, mboga itabidi wapitie sokoni.

Mwamvua akatazama uso wa Imelda, akatazama wa mwalimu, akamshika Goodhope kwenye kola na kumwambia waende wakamsaidie Lucas kupakia vitunguu.

Wakabaki wawili. Imelda akatoka majini, akakaa kwenye jiwe la Mwamvua, akavua kiatu kimoja na kumwaga maji.

"Umemleta vizuri," Budeba akasema.

"Nimemleta. Sasa niulize."

"Nilishakuuliza."

"Niulize tena, nikujibu ukiwa unanitazama."

Budeba akavua kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi pembeni, na Imelda alikuwa hajawahi kuziona kwa karibu hivi.

"Imelda, utakubali niwe mume wako?"

"Hapana."

Maji yalikuwa na kelele sana mahali pale. Akaendelea upesi kabla hajashindwa. "Si kwamba sikutaki. Ningekuwa sikutaki ningekujibu kwa simu. Lakini Jumatatu nani anamgeuza mama yangu?"

"Tumchukue. Nimekuambia tangu mwanzo, tumchukue."

"Mufindi? Baridi ile itamuulia hata mguu uliobaki. Na amesema hatoki Kilosa akiwa hai."

"Basi niende, niwe ninarudi kila..."

"Usimalize. Baba yake mwanangu Upendo alimaliza sentensi hiyo hiyo stendi ya Msamvu, kisha akapanda basi. Upendo sasa yuko kidato cha tatu, bweni."

Budeba aliizungusha kofia mikononi kama mtu anayetafuta ulipopasuka mshono.

"Na nikibaki?"

"Ukibaki kwa ajili yangu, siku utakayokosa kazi utanitazama kwa jicho fulani. Nalijua jicho hilo. Nimeshatazamwa nalo, sina nguvu ya kutazamwa nalo tena. Nenda, Budeba. Kazi nzuri haiji kila siku."

"Kwa hiyo unanifukuza."

"Ninakupa ruhusa."

"Mimi naona ni kitu kilekile," Budeba akasema, akavaa kofia, akaanza kukusanya fimbo.

Imelda alitaka kulia lakini hata hilo lilihitaji nguvu. Mwanamke akichoka hivyo, kupendwa nako ni kazi nyingine iliyoongezwa kwenye kazi. Akavaa kiatu chake kikiwa bado kimelowa.

Kwenye hadithi watu wakishaachana kila mmoja hushika njia yake. Lumuma ilikuwa na gari moja, na wote walikuwa wanarudi nalo. Goodhope alikuwa amekaa mbele na Lucas. Siti za nyuma kabisa zilijaa magunia ya vitunguu ambayo Mama Hildegarda aliagiza. Mwamvua alikuwa amekaa dirishani katika siti ya kati, na kwa sura yake hakuwa na nia ya kusogea. Ikabidi Budeba akae katikati, na Imelda dirisha la upande wa pili, bega kwa bega na mtu aliyetoka kumkataa.

Utaratibu ulikuwa umepangwa tangu asubuhi. Gari lingelala Kilosa kwa Lucas. Wanaokwenda Mikumi wangeshuka stendi kuwahi basi la mwisho, Budeba akiwa mmoja wao. Kisha Lucas angemfikisha Imelda Magomeni.

Waliteremka kutoka Lumuma. Goodhope alijaribu kumsimulia Lucas samaki wake aliyekimbia, na kila barabara ilipopinda samaki yule aliongezeka ukubwa. Budeba alikuwa amepakata begi lake. Kila gari lilipoyumba alijibana upande wa Mwamvua ili asimguse Imelda. Imelda aliliona hilo, na lilimuuma kuliko kama angemgusa. Akaweka kichwa kwenye kioo. Kioo kilikuwa kinamgonga. Akajiambia atafumba macho kidogo tu, hadi daraja linalofuata.

Kilichomwamsha ni ukimya.

Gari lilikuwa limesimama. Mwanga ulikuwa wa jioni. Shavu lake lilikuwa juu ya kitambaa cha shati, na shati lile lilikuwa linapumua.

Akakaa wima kwa mshtuko. Mbele hapakuwa na Goodhope. Mwamvua hayupo. Lucas alikuwa ameshuka, ameegemea boneti na anachokonoa meno, mgongo kwao, kwa adabu kubwa.

"Tuko wapi?"

"Kwenu," Budeba akasema. "Magomeni."

"Na stendi?"

"Tumeipita."

"Na basi?"

"Limeondoka. Mwamvua na Goodhope wamepanda. Mwamvua amemwambia Lucas akipiga honi atamkata masikio."

"Na gari la mwajiri wako?"

"Amenipigia. Nimemwambia asinisubiri."

"Kwa nini hukuniamsha? Kwa nini hukushuka ukaniacha hapa nimelala, nikashtuka mwenyewe?"

"Nilitaka kushuka. Nimenyanyuka kabisa, begi mkononi. Ukanishika shati."

"Nilikuwa nimelala."

"Ulikuwa umelala."

"Mtu aliyelala hajui anashika nini."

"Inawezekana," Budeba akasema. "Ila bado hujaachia."

Imelda akatazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimekamata mkono wa shati la Budeba juu kidogo ya kifundo, kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto. Kitambaa kilikuwa kimejikunja kabisa. Alitaka kuachia. Vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi avifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

"Nilikuambia hapana," akasema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Nimeielewa. Ulisema nisibaki kwa ajili yako, na sikubaki kwa ajili yako. Nililiona basi likitoka stendi, nikasubiri nijute. Likapinda kona, nikasubiri. Sijajuta hadi sasa. Umri wangu huu mtu anajijua, Imelda."

"Utakula nini?"

"Mama Hildegarda anahitaji mtu wa kupeleka wageni mtoni. Ninyi watatu, samahani, bado mnavua kambale."

Imelda akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha mtu aliyechoka, kilichoishia puani, na machozi yakatumia mlango uleule kutoka. Budeba hakumfuta. Alimpa leso yake na kutazama nje hadi amalize.

Bibi Marciana alikuwa barazani, juu ya mkeka, ameegemea ukuta. Jirani alikuwa amemtoa apunge upepo, kisha akaitwa msibani, na yeye asingeweza kurudi ndani peke yake. Mbu walikuwa wameanza. Alikuwa ameliona gari, ameona na muda liliokaa bila mtu kushuka.

"Shikamoo, mama," Budeba akasema kwa mbali, ameinama.

"Marahaba." Bibi Marciana akamgeukia binti yake na kumuuliza jambo kwa lugha ya kwao. Imelda akajibu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Ndiye, mama. Ndiye niliyekuambia. Nimemkataa leo asubuhi."

"Sasa mbona yuko kwangu?"

"Nililala garini. Basi limemwacha."

"Si alikuwa anahama?"

"Alikuwa anahama. Hakuhama."

Bibi Marciana akamkagua Budeba kuanzia kofia hadi viatu vilivyolowa. Alichukua muda wake. Akasema Timotheo atapiga kelele.

"Apige," Imelda akasema. "Akimaliza, aje akugeuze."

Bibi yule hakucheka, lakini mdomo wake, ule upande uliokuwa na uhai, ulitikisika. Mbu mmoja akatua kwenye mguu uliokufa. Hakuhisi. Budeba ndiye aliyemwona, akapiga hatua moja, akasita, akangoja.

"Wewe. Ulishawahi kumbeba mgonjwa?"

"Mke wangu, mama. Hadi Mungu alipomchukua."

Nyumba ya pili mtu alikuwa anatwanga.

Imelda alishaanza kuinama, mkono mmoja ukielekea kwenye kwapa la mama yake, kama afanyavyo kila jioni.

"Wewe kaa," mama yake akamwambia. Kisha kwa Budeba: "Njoo basi. Hapana, si huko, upande huo hauna nguvu, utaniangusha. Pitisha mkono chini. Hapo. Na usiniharakishe, mimi si gunia la vitunguu."

Imelda akakaa kwenye kizingiti na viatu vyake vya mpira. Aliwasikia wakiingia polepole chumbani. Aliisikia sauti ya mama yake ikikaripia kuhusu mto, kwamba unawekwa mgongoni, si shingoni, ni nani aliyemfundisha, na sauti ya Budeba ikijibu ndiyo mama, hivi mama. Kulikuwa na ugali wa kupika, shuka ya kuanua kabla ya umande, chupa ya uji ya kuoshwa. Mama yake akaita jina la Budeba, akilikosea, akitaka taa.

Imelda hakuinuka.